Ubishi wa sabufa hauishi, wa tivii unaishia dukani

Mhariri, naomba nafasi kidogo kwenye safu ya barua. Watu wa spika na amplifaya wanabishana mpaka wananuniana, wakati watu wa tivii wakikutana kijiweni wanabishania mechi, skrini yenyewe hata haiongelewi. Kwanini?

Mi naona ni kwa sababu picha ina ushahidi. Tivii mbili zikiwekwa sambamba zinaonyesha mpira uleule, nyasi za moja zikiwa zimefifia hata mtoto anaona papohapo. Tena picha za HD zina kiwango chake cha rangi, Rec. 709 ya ITU, shirika la kimataifa la mawasiliano, kipo tangu 1990, kwahiyo fundi akiseti anajua anaelekea wapi. Muziki hauna kitu kama hicho, kila studio inamiksi kwa spika zake na chumba chake, halafu we nyumbani una tailizi chini na bati juu, mwenzio ana zulia na makochi mazito, sabufa ileile ukiisogeza kwenye kona besi inaongezeka, sasa wote mnasema kweli na bado mnabishana. Na spika mbili huwezi kuzisikiliza kwa pamoja, unasikia hii, muuzaji anahamisha waya, unasikia ile, ya kwanza imeshaanza kukutoka, na ile yenye sauti kubwa kidogo tu ndo utaiona nzuri. Mwaka 1994 watafiti wa sauti Floyd Toole na Sean Olive waliwasikilizisha watu spika zilezile, mara wakiziona mara zimefichwa, na alama zikabadilika!

Kinachoniudhi zaidi ni stika. Sabufa imeandikwa PMPO, yaani eti nguvu ya juu kabisa ya kufumba na kufumbua, wati 12000, ukiigeuza nyuma, kwa maandishi madogo, inakula umeme wati 60. Plagi yetu ya ampia 13 kwa volti 230 haifiki hata wati 3000, hizo 12000 zinatoka wapi jamani? PMPO haina kipimo kinachokubalika popote, ila mtu akishanunua kwa namba hiyo lazima aitetee kwa nguvu zote maana hela imeshatoka. Tivii ukiambiwa inchi 43 unachukua futi unapima kona kwa kona, imeisha.

Ombi langu, TBS, shirika letu la viwango, walazimishe wati za RMS, yaani nguvu halisi inayotoka mfululizo, ziandikwe kwa herufi kubwa mbele ya boksi, na wenye maduka watuachie tulinganishe spika mbili kwa sauti iliyo sawa, kwa wimbo tuliokuja nao wenyewe kwenye flashi.

Mpenda muziki,
Tabata, Dar es Salaam