Barua ya wazi kwa Naibu Chansela: masanduku ya makavazi yasishushwe besimenti

Profesa,

Salamu kwako na kwa Baraza la chuo. Sisi tunaoandika ni wakutubi na watunza makavazi wa hapa Nairobi. Waraka wa idara ya majengo umetufikia, nao unataka mambo matatu kwa mpigo: chumba cha mikusanyo maalumu kigeuzwe maabara ya kompyuta, masanduku yashushwe besimenti, na fungu lote la mwaka huu lipewe kampuni ya kuskani. Kampuni ikimaliza, waraka unasema, karatasi "zitaondolewa". Kwamba wanafunzi wanahitaji maabara, hatubishi. Kuskani nako kunafaa. Ubaya uko kwenye utaratibu: kazi ya mwisho imefanywa ya kwanza, na zile zinazoitangulia hazikutengewa hata shilingi.

Tuanze na besimenti. Wahandisi huipenda kwa sababu ya uzito, na hapo wana hoja. Mita moja ya rafu iliyojaa karatasi yaweza kukaribia kilo 50. Panga rafu sita juu kwa juu, kisha uzidishe kwa urefu wa chumba, utaona kwa nini sakafu ya ghorofa ya tatu haikubali kila kitu. Lakini maji nayo hushuka. Mafuriko ya Aprili 2024 yaliingia nyumba na barabara za jiji hili, na si lazima maji ya besimenti yatoke mlangoni: mtaro wa majitaka ukizidiwa, huyarudisha ndani kupitia tundu la sakafu. Karatasi iliyolowa huanza kuota kuvu ndani ya saa 48 hadi 72. Bomba likipasuka Ijumaa jioni na mlango ukafunguliwa Jumatatu asubuhi, tatizo si maji tena. Majarida ya karatasi ya kung'aa ni mabaya zaidi, kwa kuwa yakikauka yenyewe kurasa hugandamana zikawa tofali. Dawa yake ni kuyagandisha yakiwa bado mabichi, na chuo hakina jokofu la kazi hiyo.

Hata pasipo mafuriko, ukuta uliozungukwa na udongo ni baridi na hewa ya humo haitembei. Unyevu wa hewa ukipita asilimia 65 na kukaa hapo, kuvu huamka bila tone la maji kuonekana. Nyuma yake huja wadudu wanaokula kuvu hiyo pamoja na wanga ulio kwenye gundi ya majalada.

Chumba kinachofaa si kigumu kupatikana. Kiwe ghorofa ya chini au ya kwanza, si chini ya paa, wala pasipite bomba juu ya rafu. Rafu ya chini kabisa iinuliwe sentimita 15 kutoka sakafuni. Kwa kuwa tuko karibu na ikweta, madirisha ya mashariki na magharibi ndiyo yanayopigwa na jua. Ya kaskazini na kusini yana nafuu. Nairobi iko takriban mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, na ubaridi huo ni akiba ambayo wenzetu wa Mombasa hawana. Chumba chenye kuta nene na hewa ya kutosha kinaweza kutulia bila mashine kubwa. Mashine ya kupoza hewa inayozimwa saa kumi na moja jioni mlinzi akifunga jengo ni afadhali isiwepo, maana kupanda na kushuka kwa joto na unyevu kila siku huichosha karatasi kuliko joto la wastani lisilobadilika.

Sasa kuskani, ambako fedha zote zimeelekezwa. Ukurasa mmoja wa A4 ukiskaniwa kwa rangi, dpi 400 (nukta 400 kwa inchi), katika faili ya TIFF isiyobanwa, ni takriban megabaiti 46. Sanduku la kurasa 1,000 ni gigabaiti 46. Masanduku 200 ni zaidi ya terabaiti 9, na kwa kuwa nakala moja si nakala, ziwe tatu, mojawapo nje ya kampasi: karibu terabaiti 28. Waraka hautaji seva, hautaji nani atazihakiki faili kila mwaka kwa alama za ukaguzi za SHA-256 kuona kama zimeharibika kimyakimya, wala nani atalipa mwaka wa pili. Kampuni itajibu kwamba italeta PDF ndogo. Ndizo hizo zinazofuta maandishi ya penseli pembeni mwa ukurasa, na mara nyingi mtafiti alikuja kwa ajili ya penseli hiyo.

Tena kampuni hulipwa kwa idadi ya kurasa. Hailipwi kujua ni barua ya nani kwa nani. Faili inayoitwa IMG_0417 bila maelezo imepotea kama karatasi iliyoanguka nyuma ya kabati. Programu ya kusoma maandishi huokoa kilichopigwa chapa. Barua ya mkono, au utenzi wa Kiswahili kwa hati ya Kiarabu, haiwezi kuachiwa programu hiyo. Hiyo inahitaji msomaji aliyefunzwa. Mkusanyo wa miswada ya Kiswahili ulioko Chuo Kikuu cha Dar es Salaam unatafutika kwa sababu mtafiti wa Kiswahili J.W.T. Allen aliketi akaiorodhesha, na orodha yake ikachapishwa mwaka 1970. Ilikuwa kazi ya macho na kalamu.

Kwa hiyo mpangilio kwanza. Karatasi zilizotoka kwa mtu au idara moja zikae pamoja, na mfuatano alioziacha nao usivurugwe. Kuzigawa upya kwa mada kunapendeza machoni, lakini risiti iliyokuwa imebanwa na barua ya mgomo ikitengwa nayo, hakuna atakayejua tena ilikuwa ya nini. Klipu zenye kutu zitolewe kwa kuteleza kipande chembamba cha plastiki kati ya chuma na karatasi, zisivutwe. Mipira ya kufungia itupwe kabla haijayeyukia ukurasani. Selotepu isiongezwe popote, na kulaminisha kupigwe marufuku leo hii: plastiki iliyoshikishwa kwa moto haitoki. Jalada liwe la karatasi isiyo na asidi, ya kiwango cha ISO 9706, cha karatasi ya kudumu. Masanduku ya upana wa sentimita 12 huingia manane katika mita moja, na hivyo ndivyo bajeti hupigwa. Maelezo yafuate ISAD(G), kiwango cha kimataifa cha kuelezea makavazi, kuanzia mkusanyo mzima kushuka hadi jalada. Kufika hadi karatasi moja moja kusubiri. Programu ya AtoM, ya kuorodheshea makavazi, haina ada ya leseni.

Kuna kitu kimoja tungeskani hata kesho, nacho waraka haukigusi: kanda za sauti. Karatasi nzuri husubiri miaka mia. Kanda haisubiri, na mashine za kuichezea zinaisha kabla yake. Saa moja ya sauti katika faili ya WAV, 96 kHz, biti 24, stirio, ni gigabaiti 2 tu. Kanda iliyoanza kunata isichezwe kabla fundi hajaitazama, kwa sababu utando wenye sauti hubanduka ukabaki kwenye kichwa cha mashine.

Kuhusu neno "zitaondolewa", mwanasheria wa chuo aulizwe mapema. Kumbukumbu za taasisi ya umma haziharibiwi kwa uamuzi wa maktaba; sheria ya Makavazi ya Kitaifa inahusika. Majalada ya wanafunzi yanalindwa na Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, hivyo hayawezi kumwagwa intanetini. Hakimiliki nayo hudumu miaka 50 baada ya mwandishi kufariki, na familia iliyotoa sanduku la karatasi haikutoa haki hiyo ila kama hati ya hiba inasema hivyo. Hati za hiba ngapi zipo? Jibu lipatikane kabla ya mkataba kutiwa saini.

Kwa maoni yetu, fungu la mwaka huu liende kwenye chumba, masanduku, ajira ya mtunza makavazi mmoja aliyefunzwa na kuokoa kanda. Zabuni ya kuskani karatasi irudi mezani orodha ikishakamilika.

Waraka unasema masanduku yataanza kuteremshwa wanafunzi wakifunga. Kabla ya siku hiyo, tuma mtu besimenti na kipima joto na unyevu, akiache humo wiki mbili, asome asubuhi na jioni, aandike tarehe na namba. Kifaa hicho ni bei rahisi kuliko safari moja ya lori. Tutakubali kuzungumza juu ya namba hizo, vyovyote zitakavyokuwa.

Wako,
Wakutubi na watunza makavazi,
Nairobi