Barua kwa wanangu mnaosomea tiba ya familia

Wanangu wa Unguja na Pemba,

Assalaam alaykum. Mjukuu wangu alikuja likizo hapa Wete na madaftari yake ya chuo. Kila jioni akinisomea ukumbini, nami nikimweleza niliyoyaona kwa miaka thelathini ya kuitwa kusuluhisha nyumba za watu. Usiku wa mwisho akaniuliza: "Bibi, kati ya hawa wataalamu wote wa tiba ya familia, nimfuate nani?" Sikuwa na jibu la haraka. Nawaandikia nyote, maana najua si yeye peke yake anayeuliza.

Murray Bowen, daktari wa akili wa Marekani, alitazama vizazi. Alisema wawili wakibanwa na wasiwasi humvuta wa tatu katikati ili wapumue, na mtindo huo hushuka kutoka kwa babu hadi kwa mjukuu. Ndiyo maana wanafunzi wake huchora jenogramu, ukoo mzima kwenye karatasi moja. Sisi tunaohesabu nasaba tangu utotoni hatuoni ugeni hapo. Ila jihadharini. Bowen alitaka mtu asimame na nafsi yake huku yumo ndani ya udugu, na wengi wenu hushika nusu ya kwanza tu. Mwari aliyeolewa jana, anayepika jiko moja na mavyaa wake, mkimwambia ajitenge mtakuwa mmemvunjia nyumba. Bowen mwenyewe aliona kwamba anayewakata jamaa zake bado amefungwa nao.

Salvador Minuchin, mzaliwa wa Argentina, ndiye ninayemwelewa zaidi. Alifanya kazi na familia za mafukara New York, kisha Philadelphia, na jicho lake lilikuwa kwenye mipaka: nani anaamuru, nani kaungana na nani. Hata viti alivihamisha.

Niliitwa nyumba moja kwa mtoto wa miaka tisa ambaye kila akifika skuli tumbo humuuma, na hospitali hawakuona kitu. Niliwakuta wakila. Mama kamtilia wali na changu. Mavyaa akaivuta ile sahani, akaanza kumtoa samaki miba huku akimwangalia mkaza mwana wake. Mtoto akaacha kula, akawa anautazama mkono huu na mkono ule. Baba kakaa mlangoni na simu yake. Habari za tumbo sikuuliza. Nilimwomba baba aje akae karibu na mkewe, na yule bibi nikamwita kwangu tuzungumze mambo ya karafuu, wazazi wakimlisha mtoto wao. Nilirudi mara nne kabla mtoto hajaweza kumaliza wiki nzima skuli. Bibi hatukumtupa; alipewa kazi ya kumsomesha mjukuu Kurani baada ya magharibi, na hapo hakuna aliyemwingilia.

Virginia Satir, Mmarekani aliyewafundisha jamaa kusemezana waziwazi, mfuateni pale nyumba inapokuwa kimya. Mke anasema "sina neno" huku sufuria zinalia jikoni. Satir angelitafuta neno lile. Jay Haley, Mmarekani mwingine, alikuwa hodari wa kutoa maagizo, hata kumwagiza mtu aendelee na lile lile linalomsumbua ili aone kwamba analimudu. Mimi siipendi njia hiyo kwetu. Kijijini maneno hayalali, na watu wakijua umewafanyia hila hawakufungulii mlango tena. Michael White wa Australia na David Epston wa New Zealand walimtenga mtu na tatizo lake, na kijana aliyekwisha kuitwa mwizi na shehia nzima anaihitaji sana njia yao.

Sasa nisikilizeni vizuri. Wengi kati ya wataalamu wa mwanzo waliiona familia kama duara: huyu humchochea yule, yule humchochea huyu. Wanawake wasomi, hasa miaka ya 1980, walilipinga hilo, wakasema duara humbebesha anayepigwa sehemu ya kosa la mpigaji. Walisema kweli, na mimi ni shahidi. Miaka mingi nyuma nilikwenda kumrudisha mke kwa mumewe. Aya ya 35 ya Suratun-Nisaa inataka mwamuzi wa upande wa mume na mwamuzi wa upande wa mke. Mimi nilikwenda peke yangu, nimetumwa na upande wa mume. Niliwakalisha pamoja, nikamuuliza kila mmoja amekosa nini. Mke alijibu mbele yake kwamba yeye ndiye mwenye ulimi mkali. Nikaridhika, nikamwambia avumilie. Miezi miwili baadaye alinimiminia kahawa kwa mkono wa kushoto, wa kulia umefungwa bendeji.

Tangu siku hiyo sikai na wawili kabla sijakaa na kila mmoja peke yake, mlango umefungwa. Na huanza na mke.

Bibi yenu, Wete