Safu ya kazi isiachwe nje ya rekodi za vifo

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumze na wote waliopewa dhamana ya kuhamisha rekodi za zamani za serikali kutoka kwenye makaratasi kwenda kwenye kompyuta, hasa rekodi za vifo, za afya na za ukaguzi wa viwanda. Mimi ni muuguzi mstaafu. Sehemu kubwa ya utumishi wangu ilikuwa katika zahanati ya kiwanda, na tangu nistaafu nimekuwa nikisoma ripoti za namna hiyo kwenye intaneti, nyingi zikiwa za Uingereza na Marekani.

Nasema hivi: kupiga picha kurasa hakutoshi. Rekodi ya kifo isiyoonyesha marehemu alikuwa akifanya kazi gani, au inayoonyesha lakini haitafutiki, haimfai mfanyakazi.

Chukua habari ya asbesto, madini yenye nyuzi zisizoshika moto. Mwaka 1898 wakaguzi wanawake wa viwanda Uingereza waliandika, katika ripoti ya mwaka ya mkaguzi mkuu, kwamba vumbi la asbesto linadhuru, na kwamba lilipotazamwa kwa hadubini chembe zake zilionekana kali na zenye ncha kama vipande vya kioo. Mwaka 1906 daktari Montague Murray alitoa ushahidi mbele ya kamati ya serikali iliyokuwa ikichunguza ni magonjwa gani ya kazini yalipiwe fidia. Alieleza habari za mgonjwa wake aliyefanya kazi katika chumba cha kuchana nyuzi za asbesto. Mgonjwa huyo alimwambia kwamba kati ya watu kumi aliowakuta katika chumba kile, amebaki yeye peke yake. Mgonjwa huyo naye alikufa mwaka 1900.

Kisha, mwaka 1918, Ofisi ya Takwimu za Kazi ya Marekani ikachapisha taarifa ya Frederick Hoffman, mtaalamu wa takwimu za bima, kuhusu vifo katika kazi zenye vumbi. Humo imo sentensi moja iliyonishika nisiweze kuendelea kusoma: kampuni za bima za Marekani na Kanada kwa kawaida hukataa kuwakatia bima ya maisha wafanyakazi wa asbesto. Wenye fedha walishapiga hesabu yao. Mwaka 1930 ilitoka ripoti ya Merewether na Price, wakaguzi wa viwanda wa Uingereza: kati ya wafanyakazi 363 wa asbesto waliopimwa, zaidi ya robo walikutwa na makovu kwenye mapafu. Kanuni za kudhibiti vumbi zikatungwa mwaka 1931. Marufuku kamili ya asbesto nchini humo ilikuja mwaka 1999.

Hakuna hata moja kati ya karatasi hizo iliyokuwa siri. Zote zilichapishwa kwa fedha za umma. Lakini yule mtu wa chumba cha kuchana nyuzi angezipata wapi, na angesoma saa ngapi? Ndiyo maana nalipigania suala hili. Leo mwakilishi wa chama cha wafanyakazi mwenye simu ya mkononi anaweza kuzifikia kwa jioni moja, mradi maneno yake yanatafutika na hadaiwi ada mlangoni.

Sasa nije kwenye safu ya kazi, yaani mahali pa kuandika kazi aliyoifanya marehemu. Usajili wa vifo wa serikali Uingereza na Wales ulianza mwaka 1837, na muda si mrefu William Farr akaajiriwa kuzifanyia kazi takwimu zake. Farr alichukua vifo vya watu wa kazi fulani akavilinganisha na idadi ya watu wa kazi hiyo katika sensa ya 1851. Baada yake utaratibu huo uliendelea kila miaka kumi. Ukifungua majedwali ya mwishoni mwa karne ile utaona viongozi wa dini wako karibu na mkia wa orodha ya vifo, na miongoni mwa walio juu wako wafinyanzi, wafanyakazi wa madini ya risasi na, jambo lililonishangaza, watengeneza tupa, kile chombo chenye meno cha kunolea na kulainishia chuma.

Kwa nini tupa? Fundi wa enzi hizo alikilaza chuma juu ya kitalu cha risasi ili kisiteleze wala kuharibika, akawa anakichonga meno kwa patasi na nyundo, jino baada ya jino, kutwa nzima. Kila pigo lilitikisa vumbi la risasi chini ya pua yake. Jedwali lenyewe halisemi hayo. Linasema tu kwamba watu hawa wanakufa kupita kiasi, nendeni mkatazame meza zao. Mwaka 1895 sheria iliwalazimisha madaktari kutoa taarifa za kila mfanyakazi waliyemkuta amedhuriwa na risasi, na mwaka 1898 Thomas Legge akawa daktari wa kwanza wa ukaguzi wa viwanda. Mwaka 1900 zilipokewa taarifa zaidi ya 1,000. Miaka kumi baadaye zilikuwa zimepungua kama nusu. Hesabu iliwapa wakaguzi mahali pa kuanzia.

Katika zahanati niliyoitumikia, daftari la wagonjwa lilikuwa na jina, umri, malalamiko na dawa. Idara anayofanyia mtu kazi haikuwamo. Kikohozi cha mtu wa ghala na kikohozi cha mtu wa mashine ya kusaga vilikaa mstari mmoja juu ya mwingine bila tofauti. Tena mtu akishadhoofu huacha kazi, akaenda kuugua kwao, na kiwanda kikabaki na wazima. Ukisoma rekodi za waliopo utadhani pale hapana tatizo. Alama pekee inayobaki inaweza kuwa cheti cha kifo, kama aliyekijaza aliandika kazi.

Wanawake ndio walioumizwa zaidi na uandishi huo. Katika rejista za Uingereza za karne ya 19, mwanamke aliyeolewa mara nyingi aliandikwa "mke wa seremala" au "mke wa kibarua", hata kama alishinda kiwandani akipaka risasi kwenye vyombo vya udongo. Pale alipoandikwa kwa kazi yake mwenyewe, tafadhali, neno hilo lisipotee wakati wa kunakili.

Kuna na hatari nyingine mbili za kitaalamu. Programu zinazosoma maandishi hukosea tarakimu kwenye majedwali, 3 ikawa 8, au namba ikahamia safu ya jirani, kwa hiyo mtu lazima akague. Hapa nawasifu maktaba ya Wellcome ya London, ambao ripoti zao za maofisa wa afya wa jiji hilo, za kuanzia 1848 hadi 1972, zimewekwa pamoja na majedwali yanayoweza kupakuliwa. Ya pili ni kufuta sababu ya kifo iliyoandikwa zamani na kuweka jina la kisasa. Vifo vingi vya vumbi la mawe viliandikwa kama kifua kikuu. Acheni maneno ya awali, la kisasa liongezwe pembeni.

Wapo watakaosema rekodi za vifo ni siri za familia. Nakubaliana nao kwa vifo vya karibuni. Jimbo la Missouri, Marekani, limeliamua hilo vizuri: vyeti vya kuanzia mwaka 1910 vinasomwa bure na yeyote, picha nzima, ila kila cheti husubiri miaka 50 kwanza. Cheti kina sehemu ya kazi, na jimbo hilo lilikuwa na wachimbaji wengi wa risasi na zinki.

Na wasomaji wenzangu, karani atakapowauliza kazi ya marehemu wenu, msimjibu "mstaafu" wala "mlinzi" kwa kuwa ndiyo kazi aliyomalizia. Kama alichimba mgodini miaka ishirini kisha akalinda geti miwili, mwambieni aandike mchimbaji, na mtaje ni madini gani.

Muuguzi Mstaafu