Binamu, ulichokihisi baharini ni chako, usitulazimishe wote

Asalaam aleykum binamu. Najua utaisoma hii maana wewe unasoma kila kitu af unajifanya hujaona. Naandika hadharani kwa sababu na wewe stori yako, kwamba Mungu alikuja kukaa nawe chomboni, uliitoa hadharani, tena pale kwenye kahawa Makorora hapa Tanga mbele ya wazee, ukamalizia kwa kumwambia yule kijana aliyekuuliza swali eti moyo wake una kutu. Swali lenyewe lilikuwa zuri tu bana, alikuuliza umejuaje kama ni Mungu. Hukumjibu.

Kwanza mi nakuamini. Usiku ule nje ya kisiwa cha Yambe mashine imezima, upepo wa kusi umechachamaa, wenzio wanafua maji na ndoo ya rangi, wewe umeng'ang'ania usukani ambao hausukumi kitu, mara ukahisi kuna mtu amekaa tezini, huko nyuma ya chombo, ubavuni kwako, humuoni ila unajua yupo, na hofu yote ikakutoka wakati mawimbi yako vile vile. Sidhani ulidanganya wala sidhani ulirukwa na akili. Wapo wengi yamewafika. Yule Shackleton wa safari za barafu kule kusini kabisa mwa dunia, baada ya meli yake kuvunjwa na barafu, mwezi wa tano 1916 alivuka milima ya kisiwa cha South Georgia kwa miguu na wenzie wawili kwenda kutafuta msaada, saa 36 hivi, na baadae akaandika kwamba mara nyingi njiani alikuwa anahisi wako wanne, sio watatu. Hakuwaambia wenzie kitu. Wao wenyewe ndio wakaja kumwambia kuwa nao walihisi hivyo hivyo.

Sasa watatokea wajuaji waseme aah, huo ni ubongo tu. Na kweli 2006 madaktari wa Uswisi walimgusa kwa umeme mgonjwa mmoja wa kifafa sehemu fulani ya ubongo, upande wa kushoto, akahisi kuna kivuli cha mtu nyuma yake, akikaa nacho kinakaa. Mimi hiyo hainitoshi. Ukinichokoa ubongo nikasikia harufu ya udi haina maana udi haupo duniani, si kila tunachokiona kinapitia humo humo, cha kweli na cha uongo? Kwa hiyo hapo hawajakumaliza.

Yuko na mwanafalsafa wa Uingereza, Richard Swinburne, ameandika 1979 kwamba kitu kikikudhihirikia kuwa kipo basi una haki ya kuchukulia kipo, mpaka ipatikane sababu ya kukitilia shaka. Sawa, haki hiyo nakupa. Ila tuangalie inafika wapi. Wewe ulihisi kuna mtu. Nani kakwambia ndiye Mola mwenyewe, na sio malaika, sio jini, sio marehemu babu aliyevua maji yale yale maisha yake yote? Hapo umejazia mwenyewe kwa yale tuliyosomeshwa madrasa. Na wanaokwenda mapango ya Amboni na ubani wao wakatoka wanasema mzimu kawajibu nao wamejazia kwa waliyosomeshwa, na jirani yetu wa Chumbageni anayesema Bikira Maria alimjia wodini vile vile. Wote wametulia kama wewe na wote wana uhakika kama wewe. Ukisema wao wamedanganyika niambie umewapima kwa mizani gani ambayo wewe haikupimi.

Hata dini yetu inapima. Si tumesoma hadithi kwamba ndoto ni aina tatu, bishara kutoka kwa Mwenyezi Mungu, za shetani za kukuhuzunisha, na zile za nafsi kujisemesha yenyewe? Ndoto inaulizwa imetoka wapi, ya tezini ndio isiulizwe?

Af hili la "mbona tulirudi salama", hilo liache kabisa. Plagi ilikauka mashine ikawaka. Wapo waliozama kusi hilo hilo, hatujui walihisi nani ubavuni kwao, maana hawapo wa kutusimulia kwenye kahawa.

Mi nimesimama alipokuwa William James, yule mwanasaikolojia wa Marekani, tangu 1902, kwamba haya mambo yana nguvu kwa yule yaliyomfika, na ana haki yake, ila aliye nje halazimiki kuyapokea bila kuuliza. Na mi niko nje binamu. Nasali kama wewe, sijawahi kuhisi mtu amekaa ubavuni, naamini kwa sababu zangu nyingine ambazo tutabishana siku nyingine. Nabii Ibrahim mwenyewe aliomba aonyeshwe wafu wanavyofufuliwa ili moyo wake utulie. Aliulizwa tu kwani huamini, af akaonyeshwa. Hakuna aliyemtajia kutu.

Ila hasa kilichonikalisha niandike ni yule binti wa dada. Siku uliporudia stori uani alikuwa anakusikiliza kuliko sisi wote. Tangu hapo anarefusha sijda mpaka chakula kinapoa, akitoka macho mekundu, anasema yeye hahisi kitu labda Mungu kamkataa. Mimi nikisema ananiona mbishi, wewe ndio anakusikia. Ijumaa ukija kula kaa nae pembeni, umwambie miaka yote kabla ya usiku ule ulikuwa unasali vipi na ulikuwa unahisi nini. Ila useme ukweli, maana mi nakumbuka Alfajiri ulikuwa unasinzia umesimama.