Barua ya wazi kwa Meya wa York, Pennsylvania: Askari wapya waambiwe habari ya Julai 1969

Mheshimiwa Meya,

Nakusalimu kwa heshima, mimi mkazi wa jiji lako. Naandika kwa Kiswahili ili majirani zangu Wakongomani, ambao wengi wao walipitia kambi za Tanzania kabla ya kufika Pennsylvania, wasome ninachokuomba. Sisi tuliikimbia vita. Tukapewa nyumba katika mitaa ambayo nayo iliwahi kuwekewa vizuizi na kurushiana risasi, na hakuna aliyetueleza.

Nakuomba jambo moja: kila askari polisi anayeapishwa York aambiwe yaliyotokea Julai 1969, wakati wa ghasia kati ya weusi na wazungu hapa jijini, bila kupunguziwa kitu.

Aanze kuambiwa habari za mbwa. Katika miaka ya 1960 polisi wa York waliwaachia weusi mbwa, na Meya John Snyder akaendelea kuwatetea mbwa hao licha ya malalamiko. Jiji lilipolipuka, Henry Schaad, askari mzungu wa miaka 22, alipigwa risasi akiwa ndani ya gari la deraya. Alifariki Agosti 1. Tarehe 21 Julai Lillie Belle Allen, mama wa watoto wawili aliyetoka South Carolina kumtembelea dada yake, aliuawa mtaa wa Newberry. Gari lao lilikuwa limefika mbele ya vijana wa kizungu wenye bunduki. Alishuka ili ashike usukani waondoke. Alikuwa na miaka 27.

Kisha jiji likanyamaza miaka 30. Hapa ndipo askari wapya wakalishwe kwa muda mrefu zaidi, maana ndani ya ukimya huo ndimo alimopanda cheo Charlie Robertson. Mwaka 1969 alikuwa askari polisi. Mwaka 1994 akawa meya, akachaguliwa tena. Mei 2001, siku mbili baada ya kushinda kura za mchujo akitafuta muhula wa tatu, alikamatwa akishtakiwa kwa mauaji ya Bi. Allen, ikidaiwa kwamba aliwagawia wazungu risasi. Alikana, akajitoa kwenye uchaguzi, na Oktoba 2002 jopo la mahakama likamwachia huru. Wenzake wawili kizimbani walitiwa hatiani. Mwaka uliofuata wanaume wawili weusi walitiwa hatiani kwa kumuua Schaad.

Hukumu ya kumwachia Robertson naiheshimu, na marehemu huyo simwiti muuaji. Lakini yeye mwenyewe alikiri kwamba katika mkutano wa wazungu wa mwaka 1969 kwenye bustani ya Farquhar Park, akiwa askari, alipaza sauti kutaka nguvu kwa wazungu. Kwa maneno hayo hakuhitaji kuhukumiwa na mahakama ya jinai. Alihitaji kuitwa na wakubwa wake na kuulizwa. Alibaki kazini miaka mingi, hatimaye akakabidhiwa jiji zima, weusi wake wakiwemo. Hilo ni kosa la wengi, na ofisi yako imelirithi.

Mwaka 2005 jiji liliilipa familia ya Bi. Allen dola milioni 2. Mwaka 2010 Kim Bracey akaapishwa, mtu mweusi wa kwanza kuwa meya wa York. Najivunia siku ile kama mkazi. Hata hivyo fedha zililipwa kwa familia, na uchaguzi wa Bi. Bracey uliamuliwa na wapiga kura. Askari anayeingia kazini mwaka huu bado anaweza kufika kwenye reli za mtaa wa Newberry, alipouawa Bi. Allen, asijue amesimama wapi.

Basi wapelekwe hapo kwa miguu kabla ya kiapo, kisha Farquhar Park. Waambiwe majina yote mawili, Allen na Schaad. Waambiwe pia kwamba neno la ubaguzi kutoka kinywani mwa askari litaulizwa wiki hiyo hiyo, na waambiwe ni nani atakayeliuliza. Nakuomba utangaze jina la mhusika huyo hadharani, nasi tutalitafsiri kwa Kiswahili na kulisambaza makanisani na misikitini.

Wako kwa heshima,
Mkazi wa York