Barua ya Wazi kwa Waziri wa Afya: Mpimeni Mtoto Moyo Kwanza

Mheshimiwa Waziri,

Kwa heshima zote nakuandikia mara ya tatu. Barua mbili za awali hazikujibiwa, na juzi mwanangu ameanguka tena.

Ana miaka tisa. Kwa miaka miwili amemezeshwa dawa za kifafa. Huanguka akikimbia, au akishtuliwa na mlio wa ghafla. Hupauka, hukakamaa, hutetemeka kidogo, kisha huzinduka. Niliyaeleza hayo kila kliniki na hakuna aliyeuliza moyo wake unapigaje. Juzi daktari kijana wa zamu ya usiku ndiye aliyembandika kifuani nyaya za ECG, kipimo cha umeme wa moyo. Dakika kumi hazikuisha, akanionyesha kwenye karatasi jinsi moyo unavyochukua muda mrefu mno kujiweka tayari kwa pigo linalofuata. Wanauita ugonjwa wa QT ndefu. Mapigo yakivurugika, damu haifiki kwenye ubongo, mtoto anazirai na kutetemeka. Miaka miwili, Mheshimiwa, tulikuwa tunatibu kichwa!

Mashine ile ilikuwamo siku zote katika jengo lile lile, wodi ya watu wazima. Kipimo hakichomi wala hakitoi damu. Kilichokosekana ni nini? Nadhani ni mazoea: mtoto akitetemeka huandikwa kifafa, na faili halifunguliwi upya. Labda pia wanaoweza kusoma ECG ya mtoto ni wachache, maana mapigo yake ni ya kasi zaidi na hubadilika kadiri anavyokua. Hilo linafundishika.

Ulituahidi wazazi, tukiwa tumekaa mbele yako, kwamba hakuna mtoto atakayerudishwa nyumbani bila kupimwa ipasavyo. Niliyaandika maneno yako siku ile ile. Ninayo.

Ugonjwa huu hurithiwa. Mdogo wake bado anasubiri kupimwa, nami pia. Akianza tu kukimbia namwita arudi. Usiku naweka mkono kifuani kwa mmoja, kisha kwa mwingine, mpaka kunakucha.

Sikuombi hospitali mpya. Naomba agizo moja la maandishi: mtoto yeyote anayezirai, au anayepata degedege bila homa, apimwe ECG kabla ya kuanzishiwa dawa za kifafa. ECG ikionekana safi na bado anaanguka, avalishwe kifaa cha Holter kinachorekodi mapigo saa 24 au zaidi, na ndugu zake waulizwe nani katika ukoo alikufa ghafla angali kijana. Nami sikuwahi kuulizwa.

Agizo moja tu, Mheshimiwa. Wapimwe moyo kwanza.

Mama wa watoto wawili