Taarifa ya Mwenyekiti kwa Wanachama, Mwaka 2025: Sura za Watoto Wetu

Ndugu wanachama,

Hesabu atazisoma mweka hazina, na kumbukumbu za vikao zimo kwenye makabrasha mliyogawiwa mlangoni. Mimi naomba muda wenu nizungumzie kazi moja tu, madarasa ya Jumamosi ya kuchora sura, kwa sababu hakuna kazi ya chama iliyonigusa kama hii tangu mnipe kiti hiki.

Tulianza na kioo. Kila mwanafunzi alipewa kioo kidogo cha mkononi, kipande cha manila na penseli ya 2B, akaambiwa ajichore. Karibu wote waliweka macho juu mno, kwenye paji la uso. Tukawaonyesha kupima kwa penseli: kutoka utosini hadi kidevuni, macho yanakaa katikati. Walibisha mpaka walipojipima wenyewe. Mtoto akishafika hapo huacha kuchora sura anayoidhania, huanza kuchora ile aliyo nayo.

Darasani tulikuwa na mapacha wa kike, Kulwa na Doto, kama Wasukuma tunavyowaita mapacha wetu. Wanafanana hata mwalimu wao huwachanganya. Tuliwaketisha wakitazamana, kila mmoja amchore mwenzake. Doto alipomaliza, kwenye mchoro wake palikuwa na kovu dogo juu ya nyusi ya kushoto. Kulwa alikataa kwamba analo. Akachukua kioo, akasogea dirishani, akapapasa kwa kidole, kisha akarudi akaomba mchoro ule awe nao yeye. Baada ya hapo darasa zima lilitaka kuzungumzia majina: Shija akaeleza kwamba yeye alizaliwa nyuma ya mapacha, Mabula kwamba alizaliwa wakati wa mvua. Waliotoka Musoma na Bukoba nao wakaeleza ya kwao. Somo la rangi tulilokuwa tumelipanga siku hiyo halikufundishwa, wala sijutii.

Lipo kosa ninalopaswa kulisema mbele yenu, kwa kuwa ni langu. Niliponunua rangi nilichukua kahawia ya aina moja kwa ajili ya ngozi, nikaona inatosha. Binti mmoja mwenye ualbino alikuja na brashi yake kavu akaniuliza, "Shikamoo mwalimu, mimi nipake ipi?" Sikuwa na jibu. Jumamosi iliyofuata tuliziweka kahawia zote kabatini, tukagawa nyekundu, njano, bluu na nyeupe, kila mmoja achanganye ngozi yake kwenye kifuniko cha ndoo na kuijaribu kwenye mgongo wa mkono wake mpaka ifanane. Hapo watoto waligundua kwamba hata wawili waliojiita weusi hawachanganyi rangi sawa. Binti yule alitumia nyeupe, njano na tone la nyekundu, na kope zake akazichora moja moja kwa brashi nyembamba kabisa. Nawaombeni sana, wazazi na walimu, tuache kuiita penseli ile ya waridi "rangi ya mwili". Mwili wa nani?

Muhula wa pili tuliwataka wachague kitakachokaa nyuma ya sura zao. Wengi walichora Jiwe la Bismarck, lile linalosimama ziwani hapa Mwanza, na mmoja alichora dagaa walioanikwa mchangani. Kijana anayeishi kwa mama yake mdogo Nyegezi alichora Daraja la J.P. Magufuli, lile la Kigongo hadi Busisi lililofunguliwa Juni. Kwao ni Sengerema, ng'ambo ya pili ya daraja. Nilimuuliza kwa nini amejiweka katikati ya daraja, hajajiweka upande wowote. Akasema akiwa huku anaitwa wa ng'ambo, na akienda likizo kule wanamwita wa mjini. Nimekaa na maneno hayo miezi kadhaa.

Ziara ya Makumbusho ya Wasukuma, Bujora, ilikwenda vizuri, na ngoma za watemi ziliwavutia kuliko kitu kingine chochote.

Sasa maombi. Shule za msingi zina somo la Sanaa na Michezo katika mtaala mpya, na walimu kadhaa wametuomba tuwafundishe njia hii ya kioo na kuchanganya rangi. Naomba kibali chenu tuanze Januari. Pili, hakuna sura ya mtoto itakayotundikwa hadharani bila ridhaa ya mzazi na ya mtoto mwenyewe. Kijana mmoja aligeuza mchoro wake ukutani siku ya maonyesho, nasi tukauacha hivyo hivyo hadi jioni.

Vioo kumi na viwili vimevunjika. Mwenye kioo asichokitumia nyumbani amkabidhi katibu, hata kama kina ufa pembeni.

Mwenyekiti
Mwanza